Sekunde 20 Zinapima Nini?

Tuanze na hesabu ndogo. Kahoot!, ile chemshabongo iliyotoka Norway mwaka 2013 na ambayo siku hizi huwezi kumaliza semina bila kuchezeshwa, hutoa hadi pointi 1,000 kwa jibu sahihi. Ni *hadi*, si kila mara. Kadiri unavyochelewa kubonyeza ndivyo pointi zinavyopungua, na ukijibu sekunde ya mwisho kabisa unabaki na kama nusu. Chukua muda wa kawaida wa sekunde 20. Anayejibu baada ya sekunde 5 anapata 875. Anayejibu baada ya sekunde 18 anapata 550. Sasa weka maswali 10. Mchezaji wa kwanza, yule wa haraka, anakosa matatu na kupata saba: pointi 6,125. Wa pili anapata yote kumi: pointi 5,500. Ukiacha kando nyongeza za hapa na pale, aliyekosa matatu ndiye anayepanda jukwaani muziki ukipigwa. Aliyejua kila kitu anampigia makofi.

Sina ugomvi na mashindano. Mbio ni mbio, na mtu akitaka kushindana kubonyeza skrini, hiyo ni starehe yake. Shida ni kwamba mchezo huu hauuzwi kama mbio. Unauzwa kama njia ya kujua nani ameelewa somo, na mwalimu anaondoka darasani na orodha ya majina, wa kwanza hadi wa mwisho, akidhani amepima elimu. Nataka tuikague orodha hiyo tukiwa na mtoto mmoja akilini, naye yuko mbali na Nairobi: yuko Lafey, kaunti ya Mandera, upande wa mpaka wa Somalia, kwenye barabara inayotoka Elwak kwenda Mandera mjini. Anajua jibu. Anasoma polepole, na si kwa sababu ya uvivu.

Ana disleksia. Neno lenyewe ni gumu kutamka, utadhani lilibuniwa na mtu mwenye roho mbaya. Macho yake ni mazima na akili yake inafanya kazi. Kilicho kigumu kwake ni kuunganisha herufi na sauti kwa wepesi, ile kazi ambayo wewe unaifanya sasa hivi bila kuisikia. Mara nyingi hali hii hurithiwa katika familia. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba inawagusa watu 5 hadi 10 katika kila 100, kulingana na unavyoipima. Octavia Butler alikuwa nayo na akaandika riwaya zinazosomwa mpaka leo. Benjamin Zephaniah, mshairi wa Birmingham, alitoka shule akiwa na miaka 13, na alikuwa mtu mzima tayari alipoambiwa kwamba ile hali ina jina.

Hapa kwetu kuna jambo linaloifanya ijifiche zaidi, na ni jambo tunalojivunia. Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa. *A* ni *a* popote uendapo. Kiingereza kina vurugu zake: *though*, *tough*, *through*, kila moja na njia yake. Mtoto mwenye disleksia anayesoma Kiingereza hukosea waziwazi, mbele ya watu, na mwalimu akiwa makini ataona kuna kitu. Katika lugha zenye tahajia nyoofu hali ni tofauti. Mwaka 2001 timu ya watafiti iliyoongozwa na Eraldo Paulesu ilichapisha kwenye jarida la *Science* ulinganisho wa watu wazima wenye disleksia nchini Italia, Ufaransa na Uingereza. Ubongo wao ulionyesha tofauti ileile wakati wa kusoma. Lakini Waitaliano, ambao tahajia yao ni nyoofu kama yetu, walisoma kwa usahihi kuliko wenzao. Utafiti wa Kijerumani nao umeonyesha hivyohivyo: mtoto anasoma sawa, ila polepole, kwa jasho, silabi kwa silabi.

Sasa mlete mtoto huyo kwenye darasa la Kiswahili. Anasoma neno lake sawasawa, lakini anachukua muda mara tatu ya jirani yake. Hakuna kosa la kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Kwa hivyo anaitwa mzembe. "Kiswahili ni rahisi, wewe shida yako nini?" Halafu tunamtengenezea mchezo ambao kitu cha kwanza unachokipima, kabla ya kingine chochote, ni kasi. Yaani tumechukua dalili yenyewe ya hali yake tukaigeuza kuwa alama.

Fanya hesabu nyingine. Swali pamoja na majibu yake manne lina maneno 30 hivi. Anayesoma maneno 120 kwa dakika analimaliza kwa sekunde 15 na kubaki na tano za kufikiri. Anayesoma maneno 50 kwa dakika anahitaji sekunde 36. Muda umeisha zamani, na yeye bado yuko kwenye jibu la pili. Hata ukimwongezea zile sekunde chache ambazo swali hutangulia peke yake, hajafika. Tunaandika sifuri, na kwenye orodha ya mwalimu sifuri hiyo haina tofauti na ile ya mtu ambaye hakujua.

Washauri wa ufikivu wakija na orodha yao ya marekebisho, karibu kila mara wametoka kwenye Kiingereza, na mimi ningependa tuangalie ukurasa wa Kiswahili wenyewe kwanza. Lugha yetu inapachika. Kinachohitaji maneno matano kwa Kiingereza sisi tunakibana kuwa neno moja: *tutakapowasiliana*, *yaliyotangulia*, *wasioandikishwa*. Kwenye skrini ya simu neno kama hilo linakata mstari au linashuka lote na kuacha pengo. Ule ushauri wa kuongeza nafasi kati ya maneno unatusaidia nusu tu, maana sisi nafasi zenyewe ni chache. Tunachohitaji ni nafasi kati ya herufi na herufi.

Kisha kuna ukanushi. Kwa Kiingereza *not* inasimama peke yake, unaweza kuiandika kwa herufi kubwa, na watunga mitihani hufanya hivyo. Sisi tunauficha ukanushi tumboni mwa neno. Angalia haya mawili: *Lipi lililo sahihi? Lipi lisilo sahihi?* Ni msitu wa vijiti. Herufi moja iko katikati ya miti iliyosimama wima, na jibu lote linageuka juu chini. Hata mimi nisiye na disleksia nimerudi nyuma kusoma tena. Au *aliyekuja* na *asiyekuja*. Ukiniuliza, mtunga chemshabongo anayeandika "lipi lisilo" na kuweka saa hapo juu hapimi maarifa ya mtu yeyote. Anapima nani ameiona *s*.

Upatanisho wa ngeli nao ni hivyo. *Kile kikombe changu kilichokatika kimepatikana*: kwa sikio ni ngoma, na ndiyo maana hata mtoto mdogo hakosei anapozungumza. Kwa macho ni *ki-ki-ki*, neno moja likifanana na lingine, na msomaji anayepotea mstari hana alama ya kujishikiza. Sikio linafurahia kitu kilekile kinachochosha macho. Nitarudi kwenye sikio.

Na kuna ndugu wawili tunaowafundisha watoto wiki ya kwanza ya shule: *baba* na *dada*. Igeuze *b* utapata *d*. Tumechagua maneno mawili yanayotofautishwa na upande wa kitumbo tu, tukayaweka ukurasa wa kwanza wa kitabu. Si njama, ni mazoea. Lakini mtu anayetengeneza mchezo wa kusoma mwaka huu hana sababu ya kuyaweka pamoja.

Huko Lafey mambo yanaongezeka. Mtoto wa kule kwao wanaongea Kisomali, na Kisomali kilipata hati yake rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, baada ya miaka mingi ya mabishano kuhusu Kilatini, Kiarabu na hati ya Osmanya. Ni hati nzuri, nyoofu kama yetu, lakini ilichukua herufi zilizokuwa hazina kazi na kuzipa kazi mpya. *X* ni ile sauti ya koo kwenye *xisaab*, hesabu. *C* ni ain, kama kwenye *caano*, maziwa. Kwa hivyo *c* moja ina maisha matatu: kwa Kisomali ni ain, kwa Kiswahili haitembei bila *h*, kwa Kiingereza ni *cat* na dakika hiyohiyo ni *city*. *Dh* ya *dhahabu* si *dh* ya *dhagax*, jiwe. Asubuhi au jioni kuna dugsi, chuo cha Kurani, ambako maandishi yanatoka kulia kwenda kushoto na *ba*, *ta* na *tha* zina umbo moja zikitofautishwa na nukta. Mtoto asiye na shida yoyote anapita humo na kutoka amejua kusoma mara nne, jambo ambalo sisi wa Nairobi hatulisifu vya kutosha. Mwenye disleksia anapigana vita vinne.

Halafu tazama maneno haya matatu ya Kisomali: *dab*, *bad*, *dad*. Moto, bahari, watu. Kwa msomaji ambaye *b* na *d* zinambadilikia, hilo ni neno moja linalotetemeka. Ongeza irabu moja, *daab*, na moto umekuwa mpini. Hakuna mtu wa Lafey anayeyachanganya akiyasikia.

Nani atamgundua mtoto huyu? Kwa karatasi, kuna vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, EARC, vilivyoanza mwaka 1984. Kwa hali halisi, wa kwanza kuona ni mwalimu wa darasa, mtu anayekaa na mtoto muda mrefu kiasi cha kujua kwamba huyu huyu anayekwama kwenye ubao ndiye anayesimulia hadithi kuliko wote. Na kaskazini mashariki imepoteza walimu. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilisimamishwa na al-Shabaab na watu 28 wakauawa, walimu wakiwa miongoni mwao. Januari iliyofuata walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi walipiga kambi kwenye ofisi za TSC Nairobi wakikataa kurudi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na uhamisho mwingine ukafuata. Sitaki kulifanya jambo hili kuwa pambo la makala. Nalitaja kwa sababu mwalimu akiondoka, kinacholetwa kuziba pengo ni skrini: vishikwambi, masomo ya mtandaoni, chemshabongo. Skrini ndiyo inakuwa mwalimu wa kumgundua mtoto, na ile skrini imewekewa saa.

Na mtandao wenyewe? Milingoti ya simu kaunti ya Mandera imelipuliwa zaidi ya mara moja, na mlingoti ukianguka mji unanyamaza. Palipo na mtandao, chemshabongo ya moja kwa moja inataka simu ya maana, bando, na mawimbi yasiyoyumba. Swali likichelewa kufika, sekunde zako zimeanza kuliwa kabla hujaliona. Hapa kuna jambo ambalo wabunifu wa Nairobi wangelitafakari: saa ya mchezo inamfanya kila mtu wa Lafey awe na tatizo la yule mtoto. Darasa zima linakuwa la watu wa polepole, wenye akili zao timamu, wanaopigwa sifuri na kitu kisichohusiana na swali. Ukiitoa saa kwa ajili ya mtoto mmoja, umewatolea wote.

Lakini ukiuliza kampuni za michezo zimefanya nini kuhusu disleksia, jibu la kwanza utakalopewa ni fonti. Zipo mbili maarufu: Dyslexie ya Mholanzi Christian Boer, iliyotoka 2008, na OpenDyslexic ya Abelardo Gonzalez, ya 2011. Herufi zimenenepa chini ili zisigeuke. Kahoot! nayo ina chaguo la fonti ya namna hiyo. Ni jambo zuri kwa anayelipenda, na wapo wanaolipenda. Ila tafiti zilizojaribu kupima hazikuona miujiza. Mmoja wa mwaka 2016 uliikagua Dyslexie na kukuta kwamba faida yake ndogo ilitokana na nafasi, si umbo la herufi: ukiipa fonti ya kawaida nafasi ileile, faida ni ileile. Miaka minne kabla, Marco Zorzi na wenzake walikuwa wameonyesha kwa watoto wa Italia na Ufaransa kwamba kutanua nafasi kati ya herufi tu, bila mazoezi yoyote, kunawasaidia kusoma vizuri zaidi na haraka zaidi. Nafasi haina jina la kuvutia, haina nembo, huwezi kuitangaza. Nadhani ndiyo maana fonti imeshinda kwenye matangazo.

Kuna hila nyingine kwenye Kahoot! ambayo haizungumzwi sana. Kwenye uchezaji wake wa kawaida swali na majibu viko ukutani, na simu yako ina pembetatu nyekundu, almasi ya buluu, duara la njano na mraba wa kijani. Maumbo yamewekwa ili asiyetofautisha rangi asiachwe, na hilo wamelifikiria vizuri. Lakini mtu anayesoma kwa shida analazimika kusoma ukutani, akumbuke jibu lilikuwa umbo gani, ashuke kwenye simu, abonyeze, huku muziki ukimharakisha. Ni kazi tatu badala ya moja. Haki yao niwape: mwandaaji anaweza kuweka muda hadi dakika 4, na mchezo ukitolewa kama zoezi la kufanya peke yako, saa inaweza kuzimwa kabisa. Vitufe vipo. Nani anavigusa? Sekunde 20 ndizo zinazokuja tayari, na kinachokuja tayari ndicho kinachotumika.

Cha ajabu ni kwamba teknolojia ya maskini ilishatatua nusu ya hili bila kukusudia. Kabla simu janja hazijaenea, Eneza Education walikuwa wakituma masomo na maswali kwa SMS kwenye simu za kabambe, huduma iliyokuja kujulikana kama Shupavu 291. SMS haina saa. Inakaa kwenye simu mpaka utakapokuwa tayari, unaweza kuisoma mara sita, unaweza kumpa dada yako mkubwa akusomee. Linganisha na menyu za nyota-na-reli tunazotumia kwa kila kitu: ukichelewa kusoma, kikao kinakatika na unaanza upya. Ila SMS nayo ni ukuta wa herufi ndogo zilizobanana, hakuna sauti, hakuna picha. Imempa mtoto muda ikamnyima sikio.

Na sikio ndilo tulilonalo. Chemshabongo hatukuletewa na Wanorway. Tunayo ya zamani, na ukiitazama kama mbunifu wa michezo utaona imekamilika kuliko programu nyingi. *Kitendawili! Tega!* Kabla swali halijatoka, mtegaji ameomba ruhusa na wewe umeitoa: hakuna swali linalokuvamia. Linasemwa kwa mdomo. Hukusikia, unaomba lirudiwe, na kurudia si aibu. Mnaweza kujibu kwa kubahatisha, mkacheka, mkajaribu tena. Ukishindwa unaombwa mji. "Nipe mji." Unampa Mombasa, au Garissa, naye anasafiri huko kwa maneno, anakula na kunywa, kisha anakurudishia jibu. Aliyeshindwa hakuondolewa mchezoni wala jina lake halikushuka kwenye orodha. Amelipa kwa kitu cha kufikirika na amejifunza jibu, na kesho yeye ndiye atakayelitega kwa wengine. Wasomali nao wana googgaa, mchezo wao wa mafumbo, na kitendawili wanakiita *halxiraale*, neno ambalo ndani yake kuna ngamia jike na kufunga. Fumbo ni ngamia aliyefungwa. Kazi yako ni kutafuta fundo.

Watu hawa hawana uhaba wa kumbukumbu. Ushairi wa Kisomali ulisafiri karne nyingi kwa midomo ya waliokariri, na dugsi inafundisha kwa *loox*, ubao wa mbao unaoandikwa, ukakaririwa, ukaoshwa. Mtoto wetu huenda anaongoza kwenye kukariri. Kisha tunamletea mchezo usiojua kusikiliza, tunamwambia ameshika mkia.

Wapo waliojaribu vizuri zaidi. GraphoGame, mchezo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, kutoka kwenye utafiti wa disleksia wa Heikki Lyytinen, unaanza na sauti: mtoto anasikia, kisha anachagua herufi. Ulitengenezewa toleo la Kinyanja kule Zambia, na la Kiswahili likajaribiwa Kenya. Na kule Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa watoto wa vijijini, wengi wao hawakuwahi kukanyaga shule, vishikwambi vyenye programu za Kiswahili vilivyochajiwa kwa jua. Washindi wawili wa 2019 walikuwa onebillion ya Uingereza na Kitkit School ya kampuni ya Enuma. Enuma ilianzishwa na watengenezaji michezo wawili, mume na mke, ambao mtoto wao alizaliwa na ulemavu. Tangu mwanzo walikuwa wakibuni kwa ajili ya mtoto ambaye michezo mingine ilimwacha. Na programu zote mbili zilifanya kazi bila intaneti. Naziona kuwa kazi bora kuliko chochote tulichotangaziwa kwa fujo na mradi wa vishikwambi vya darasa la kwanza uliozinduliwa Kenya mwaka 2016, ambao tuliuhesabu kwa idadi ya mashine zilizofikishwa.

Kasoro yao ni kwamba wanaishia kwenye kusoma. Mtoto akishafika darasa la sita, disleksia haijaondoka, lakini michezo iliyomfikiria imeisha. Sasa anakutana na sayansi, historia na dini kwenye chemshabongo za kawaida, na huko hakuna aliyemfikiria.

Sheria zipo, bila shaka. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa na nyenzo. Mwaka 2022 Kenya ilipata kiwango chake cha ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA, KS 2952. Miongozo ya kimataifa ya WCAG imesema tangu 2008 kwamba ukiweka muda, mtumiaji aweze kuuzima, kuubadilisha au kuuongeza. Toleo la 2018 likaongeza kanuni ya nafasi kati ya herufi, maneno na mistari. Lakini soma hadi mwisho wa kile kifungu cha muda. Kuna msamaha: kama muda ni kiini cha shughuli yenyewe, basi hulazimiki. Hapo ndipo watengenezaji wa chemshabongo wanapojificha. Wanasema saa ni sehemu ya mchezo. Mimi nasema wachague. Kama saa ndiyo kiini, basi huo ni mchezo wa kasi, uchezwe Ijumaa jioni na matokeo yake yasiingie kwenye daftari la mwalimu. Kama ni kipimo cha somo, saa si kiini na msamaha hauwahusu. Huwezi kula pande zote mbili.

Najua jibu litakalokuja: bila saa watagoogle. Sawa, huenda wachache watafanya hivyo. Lakini dawa ya udanganyifu ni swali zuri, swali la kuuliza kwa nini, na mchezo unaokuomba useme jibu kwa sauti yako. Wanaojibu "mji mkuu wa Australia" ndio wanaohitaji kuharakishwa.

Kwa Lafey, basi, chemshabongo ningeitaka iwe hivi. Ishushwe kwenye simu siku mtandao upo, ichezwe siku haupo. Kila swali lisikike, na kitufe cha kurudia kiwe kikubwa kuliko cha kuendelea. Maneno yaachane, mistari iachane, swali lisizidi mistari miwili. "Lisilo" ipigwe marufuku. Ukikosa, mchezo ukuombe mji na ukupe jibu kwa hadithi fupi. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji akili bandia wala mfadhili wa Geneva.

Kigumu kimoja nakiona, nacho ni sauti. Simu nyingi za Android zinaweza kusoma Kiswahili kwa sauti ya mashine, kwa lafudhi ya mtu anayesoma tangazo la kifo. Kwa Kisomali lazima arekodi mtu, na hapo utaulizwa: Kisomali cha nani? Kaunti ya Mandera ina watu wa Kigarre na wa Kiborana, na hata kati ya wasemaji wa Kisomali chenyewe cha Mogadishu si cha Lafey. Mtoto anayepambana na herufi asipambane tena na lafudhi ya mgeni. Kwa hivyo asitafutwe mtangazaji studio ya Nairobi. Achukuliwe mwalimu wa hapohapo, yule aliyebaki, na simu yake, jioni upepo ukitulia na mbuzi wakishalala, asome maswali kumi mara mbili, mara ya kwanza polepole.